Miwani Tuliyoitoa Sadaka

Niseme kwanza lililo baya, nisije nikalipamba baadaye. Ni mimi niliyekuwa nikimtilia mama uzi kwenye sindano. Kila asubuhi, kabla sijatoka kwenda kufundisha, nilitia uzi kwenye sindano kumi na mbili, nikazichomeka kwenye kijimto chake cha pamba, nikanywa chai yangu na kuondoka. Alikuwa ameniomba nisimwambie mtu, nami sikumwambia mtu. Nilikuwa na akili zangu timamu, nina kazi, nina diploma ya serikali. Nilijua vizuri kabisa kwamba mshonaji asiyeweza kutia uzi haoni.

Mama alishona kofia. Sisi ni wale Waislamu wa Uvira ambao mababu zao waliletwa huku na biashara ya ziwani, na kwetu mwanaume haendi Ijumaa kichwa kitupu. Kofia za mama zilikuwa na vitundu vidogo kama punje za ufuta, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono, mamia ya vitundu kwa kofia moja. Wateja walitoka Kalundu, walitoka Kamanyola, wengine walivuka mpaka kutoka Bujumbura. Alishonea barazani, juu ya mkeka, mbele yake ukuta mweupe wa chokaa unaomrudishia mwanga, miwani yake yenye fremu nene ya kahawia imeshuka hadi ncha ya pua. Bila ile miwani hakuweza kutofautisha sindano na njiti ya kiberiti.

Sukari alikuwa nayo tangu zamani. Nyumbani tuliichukulia kama mgeni msumbufu: akipiga kelele anapewa kidonge, akinyamaza anaachwa alale. Dawa zikiisha na mama anajisikia vizuri, hakuna aliyeharakisha kununua nyingine. Alikunywa maji ya mubirizi, majani machungu ya kukunja uso, akisema uchungu ule ndio unaoiua sukari. Tuliamini, kwa sababu kitu kichungu kiasi kile lazima kiwe kinafanya kazi fulani.

Halafu ukaja mwaka wa kiu. Mama akawa anakaa na bidoni ya maji ya lita tano pembeni ya mkeka, na kabla ya adhuhuri imekwisha. Akakonda mpaka bangili zake zikawa zinateleza hadi kwenye kiwiko. Na mwaka huohuo, katikati ya kiu ile, macho yake yakarudi.

Alikuwa amevua miwani aipanguse. Akaiweka chini, akachukua kofia, akaendelea kushona bila kuikumbuka. Alipotambua, aliita nyumba nzima.

"Kuyeni! Kuyeni muone! Minye niko naona matundu bila malinete!"

Tukamkimbilia. Dada yangu akampa pakiti ya sindano yenye maandishi madogo ya kulazimisha mtu akunje uso. Mama akaisoma neno kwa neno, hata jina la mji zilikotengenezwa. Mjomba, ambaye hajawahi kukosa maelezo ya jambo lolote, akasema hizo ni baraka za nyiradi za alfajiri. Vigelegele vikapigwa. Mimi nililia kwa furaha, na mpaka leo yale machozi yananiudhi.

Mama alikuwa na mwiko wake, alioupokea kwa mama yake. "Muntu akipona," alikuwa akisema, "kitu ya bugonjwa haikale tena mu nyumba." Bandeji inachomwa, fimbo ya aliyevunjika mguu inapewa mwingine, la sivyo ugonjwa utarudi kutafuta kitu chake. Basi Ijumaa iliyofuata tukafanya dua ya shukrani. Pilau ya mchele wa Bwegera, samaki wa mikebuka wa kukaanga, halua, na mtaa mzima barazani. Mbele ya watu wote mama akaitoa miwani yake sadaka.

Alimpa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kifuliiru aliyehamia kutoka Bwegera na ambaye bado alikuwa akienda huko kulima mpunga wake. Ni Mprotestanti, wa kuimba hadi mabati yanatikisika. Siku zile alikuwa akiishika Biblia yake mbali, mkono umenyooka mpaka mwisho, kama mtu aliyembeba kuku anayenyea. Alivaa miwani, akafungua Biblia palepale katikati ya dua yetu ya Kiislamu, akasoma mstari mzima kwa sauti.

"Kumbe malinete yangu imebatizwa!" mama akasema, na watu wakacheka hadi wakamwaga chai.

Katika nyumba yetu sikumbuki siku ya furaha kubwa kuliko ile. Sijaweza kuikumbuka bila kuogopa.

Miezi michache baadaye mteja mmoja alirudisha kofia kwa adabu, akisema inambana. Niliigeuza mkononi baada ya yeye kuondoka. Haikuwa inabana. Vitundu vilikuwa vimepinda, vingine vimeshonwa juu ya vingine, mstari umepanda na kushuka. Mama alikuwa anatazama upande wangu, si usoni pangu, akisubiri niseme. Nikaikunja kofia na kuuliza tunapika nini.

Angesemaje? Kilichotolewa sadaka hakirudishwi. Na kununua miwani nyingine kulikuwa ni kusimama mbele ya mtaa na kutangaza kwamba dua haikupokelewa, au ilipokelewa halafu ikanyang'anywa, na hilo ni baya zaidi, maana watu wataanza kuuliza umefanya nini. Mama aliona haya. Tulikuwa tumemshangilia sana. Tulimfungia njia ya kurudi kwa vigelegele vyetu wenyewe. Asubuhi moja akaniita mimi, mtoto wake wa kwanza, chumbani, akafunga mlango.

"Weye njo mukubwa," akaninong'oneza. "Nitilie uzi. Usiseme ku bantu."

Hapo ndipo sindano kumi na mbili zilipoanza. Kazi iliyobaki vidole vyake viliijua. Ukimwangalia kutoka barabarani ulimwona mshonaji yuleyule, kwenye mkeka uleule, na watu walimsalimia wakipita na kumwambia Mungu amzidishie macho. Aliitikia amina.

Kisha wakaja nzi.

"Inzi iko mingi leo," alisema, akipunga ncha ya kitenge mbele ya uso. Shii. Shii. Tukafukiza ubani, tukafunika vyakula. Nzi Uvira hawakosekani, ndagala, dagaa wa ziwani, wanaanikwa hatua chache tu kutoka kwetu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Lakini mimi niliutazama ule ukuta mweupe uliokuwa mbele yake na haukuwa na kitu. Watoto wa dada yangu walimwigiza, wakafukuza nzi wasiokuwepo, wakacheka. Siku nyingine alisema ni nyuzi zinazoning'inia, siku nyingine utando wa buibui, akaniomba nichukue ufagio niuondoe. Nilichukua ufagio. Nilifagia hewa mbele ya mama yangu ili asijisikie vibaya.

"Inauma?" nilimuuliza.

"Hata."

Tukashukuru kwamba haiumi.

Asubuhi aliyoniuliza kwa nini hatujafungua madirisha, jua lilikuwa limejaa baraza nzima. Alikuwa amekaa mahali pake, amegeuza uso huku na huku, na sindano zangu kumi na mbili zimesimama kwenye kijimto. Ndipo nikawaambia watu.

Tulimvusha mpaka kwenda kwa daktari wa macho. Alimtazama muda mrefu, jicho moja, kisha la pili, halafu akaniuliza mimi, si yeye, kama kuna kipindi ambacho mama aliweza kusoma bila miwani. Nikajibu ndiyo, na hata saa ile nilijibu kwa fahari kidogo. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba sukari ikipanda sana katika damu, huvimbisha kioo cha ndani ya jicho na kubadilisha umbo lake, na mtu aliyekuwa hawezi kusoma kwa karibu anaweza kusoma kwa muda. Si kupona. Ile ilikuwa kengele, alisema. Na wakati kengele inalia, mishipa midogo ya nyuma ya jicho ilikuwa imeshaanza kuharibika, kimyakimya. Wale nzi ilikuwa ni damu yake mwenyewe ikivuja ndani ya jicho.

Kengele tuliipikia pilau. Sijapata namna nyingine ya kulisema jambo hili.

Aliishi miaka minne zaidi, gizani, na nzi hawakumwacha hata huko. Mchana alikaa barazani akiwafukuza. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Wahenga hawakusema wanaomsaidia mtu kuficha huwapata nini. Mimi nitawaambia. Baada ya mazishi nilikuwa jikoni nikisikia shii kutoka barazani, kitenge kikipasua hewa, na nilijua hakuna mtu. Nilienda kuangalia kila mara. Bado naenda.

Sasa mimi mwenyewe nina sukari, huu ni mwaka wa sita. Sikuwa mjinga kama tulivyokuwa wakati wa mama, au ndivyo nilivyojiambia. Vidonge nameza. Sukari ya mezani niliiacha, ugali nimepunguza, kila asubuhi natembea hadi ufukweni na kurudi. Lakini kila nilipokwenda kituo cha afya kupimwa, muuguzi aliniuliza neno lilelile:

"Mwalimu, macho umeenda kuonyesha?"

"Macho yangu mazima, miwani ni ya kusomea tu, ya umri. Nakuona mpaka na hicho kidoti cha shavuni."

Anacheka, anaandika, naondoka. Nilikuwa naogopa, basi. Maadamu hakuna aliyetazama ndani, hakukuwa na kitu ndani. Badala yake nilikuwa na kipimo changu: kila asubuhi nilisimama mbele ya ule ukuta wa chokaa, nikafumba jicho moja, kisha la pili, nikitafuta nzi. Nisipowaona, nilimshukuru Mungu nikaenda kazini.

Kisha barabara ikafungwa kwa sababu ya vita, maduka ya dawa yakabaki na rafu tupu, nikaanza kukikata kidonge kimoja vipande viwili. Nusu asubuhi, siku nyingine hata hiyo nusu hakuna. Hali ilipotulia kidogo nikasahau kurudi kwenye kidonge kizima. Sikusahau, nilizoea. Nilijisikia vizuri.

Asubuhi moja ya likizo nilikuwa barazani nasahihisha kopi za wanafunzi. Nilikuwa nimefika katikati ya rundo, kwa mtoto mmoja anayeandika herufi ndogo sana kana kwamba karatasi ni mali ya mama yake. Nikasoma jibu lake lote, nikalitia alama, nikainua mkono nisukume miwani juu ya pua.

Hakukuwa na miwani puani. Ilikuwa ndani, kwenye sakoshi, mkoba wangu wa kazini.

Nikaichukua tena ile kopi. Nikasoma. Kila herufi ilikuwa safi, imesimama wima. Sijawahi kuona kitu kinachotisha kama mwandiko ule. Hapo ndipo nilipotazama chini ya kiti na kuona chupa mbili za maji, zote tupu, na ilikuwa bado saa tatu asubuhi.

Jirani yetu aliingia wakati huo, amebeba mboga za lengalenga kwenye beseni. Sasa ni mzee, mpunga wake wanalima wajukuu, lakini ile fremu ya kahawia bado iko usoni pake. Vioo ameshabadilisha mara mbili, mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi mweusi. Alisimama, akanitazama, akatazama kopi.

"Mwalimu, malinete yako iko wapi?"

"Mu sakoshi."

"Na uko nasoma."

"Niko nasoma, Mama."

Akaweka beseni chini taratibu. Akakaa mahali pa mama, juu ya mkeka, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tumzike.

"Minye niko na neno moja, nimeikalia myaka yote hii," akasema. "Mama yako alikuyaka kwangu. Ile mwaka ya inzi. Alikuya peke yake, anashikashika ukuta. Akaniambia, 'Nipe ile malinete nijaribu kidogo.' Nikamupa. Akavaa. Akageuka ku mulango, akageuka ku dirisha. Akavua. Akaniambia, 'Iko yako. Usiseme ku batoto.' Na minye sikusema."

Nilimwona mama akipapasa ukuta ule peke yake, wakati mimi nikiwa darasani nafundisha watoto wa watu. Hasira ikanipanda.

"Ungesema, Mama! Ungetuambia!"

"Na weye?" akauliza. "Sindano ile, ni nani alikuwa anatia uzi?"

Kumbe alijua. Tulikuwa tumelinda siri moja, mimi upande huu wa ukuta na yeye upande ule, kila mmoja akidhani anamheshimu mama. Nilianza kukusanya kopi ili mikono yangu ipate kazi.

"Acha bile bikaratasi," akasema, akasimama kwa kujishika goti. "Simama. Leo sinyamaze."

Alinipeleka mwenyewe, ameninyakua kiganja kama mtoto aliyetoroka shule. Hospitalini walinitia matone machoni, wakanikalisha kwenye benchi nisubiri mboni zifunguke. Dunia ikaanza kuyeyuka polepole. Kwanza ziliondoka herufi za tangazo ukutani, kisha nyuso za watu, kisha mwanga wa mlangoni ukawa mweupe mpaka unaumiza. Nilimgeukia jirani na sikuuona uso wake, niliona fremu ya kahawia tu. Alinibana mkono na kuimba chinichini wimbo wake wa kanisani, nami nilisoma Ayat al-Kursi, na wote wawili hatukuona ubaya.

Daktari alikuwa kijana, anaongea taratibu. Aliangalia ndani kwa taa yake muda mrefu kama yule daktari wa mama. Nilihesabu pumzi zake.

"Unaona kitu chochote mbele ya macho? Nzi, nyuzi?"

"Hapana. Natazama ukuta kila siku."

"Ukuta hauwezi kukuambia," akasema. "Ukianza kuwaona kwenye ukuta, tayari umechelewa. Mishipa ya jicho la kulia imeanza kuvuja. La kushoto kidogo. Wewe huwezi kuhisi, ni lazima mtu aangalie ndani, angalau kila mwaka, hata ukiwa mzima. Lakini umekuja kabla ya nzi."

Umekuja kabla ya nzi. Nilimwomba alirudie. Kisha akaniambia sukari yangu iko juu sana, ndiyo maana nasoma. Itashushwa taratibu, na ikishuka, macho yatarudi kutoona karibu kama mwanzo. Nisiogope siku hiyo, na nisikimbilie kubadilisha miwani kabla sukari haijatulia.

Nilivuka mpaka mara mbili kwenda kuchomwa mishipa ya macho kwa mwanga wa laser. Ni mmweko wa kijani, mmoja baada ya mwingine, unagonga ndani ya kichwa. Hairudishi kilichokwenda, waliniambia. Inazuia kisiendelee kwenda. Upande wa kulia nina kivuli kidogo cha kijivu ambacho kitabaki. Presha nayo napima. Na sasa nina sindano yangu, ya insulini, na ninajichoma mbele ya watu, hata mbele ya wageni. Dada yangu anasema sina haya. Haya tulikwisha kuitumia yote, nikamwambia.

Halafu asubuhi moja, kopi mkononi, herufi zikaanza kulegea. Niliisogeza karatasi mbali. Nikaisogeza zaidi, mpaka mkono ukanyooka wote. Sikuweza kusoma hata jina la mtoto.

Niliita nyumba nzima. "Kuyeni! Kuyeni muone! Minye sioni kitu!" Walitoka mbio wakidhani msiba, wakanikuta nacheka na machozi yananitoka, natafuta miwani yangu kwenye sakoshi.

Ijumaa ile nilipika pilau ya mchele wa Bwegera. Niliwaita majirani wote, nikasimama mahali mama aliposimama, nikawaeleza kila kitu: kiu, pakiti ya sindano, uzi, ufagio, ukuta. Niliwaambia kwamba leo nashukuru kwa kushindwa kusoma. Nikawaambia mwenye sukari yeyote aende akafunguliwe mboni, macho yaangaliwe ndani, hata kama anaona, hasa kama anaona. Mjomba, sasa ni mzee sana, alikosa maelezo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Jirani alivua miwani ya mama akanyoosha mkono anipe. Nikaikataa. Sadaka hairudi, na isitoshe imeshabatizwa.

Tukala. Katikati ya kula, doa jeusi likapita upande wangu wa kulia, mbele ya ukuta mweupe, likasimama. Mkono wangu uliinuka wenyewe, na ile shii ilikuwa imeshanifika mdomoni. Nikaurudisha mkono chini. Nikamsogelea jirani.

"Mama," nikamnong'oneza, "pale ku ukuta. Uko naona inzi?"

Akarudisha tonge kwenye sahani. Akaisukuma ile fremu ya kahawia juu ya pua, akatazama ukuta, akatazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Niko naiona," akasema. "Iko pale juu ya chokaa. Fukuza."

Nilisimama, nikaifukuza kwa ncha ya kitenge, ikaruka ikatoka nje. Kisha nikarudi kukaa kwenye mkeka, nikalia mbele ya watu wote.